Shamba la Mwani la Bartholomew

Jumatatu, 9 Juni

Gunia limefika kwa boda boda kutoka stendi. Mwani mkavu, zawadi ya akina mama wa Kwale kwa kikundi cha mke wangu, Mbula. Ni wa kusaga na kutia kwenye uji wa watoto wa hapa Masinga siku ya kupimwa, Jumamosi. Mjukuu wetu Lavender yumo. Mwezi uliopita Kavutha, mwenyekiti wa kikundi, alimzungushia utepe wa kupima lishe mkononi ukasoma njano. Njano si nzuri. Baada ya njano ni nyekundu.

Mbula ameniagiza nilitunze gunia, nisiliguse. Ni kana kwamba mimi ni mbuzi!

Lakini nimeona video kwenye simu. Akina mama wa pwani hufunga mwani kwenye kamba, wanautia majini, wiki sita baadaye gunia moja limekuwa kumi. Sisi tuna bwawa zima na hakuna aliyefikiria! Mwanzia anafuga samaki kwenye vizimba vyake vitatu, basi chifu anamwita mbele ya baraza aeleze maendeleo. Tutaona ataitwa nani mwaka huu.

Jumanne, 10 Juni

Nimepanda. Mbula alikuwa shambani akivuna ndengu. Nilikusudia kupanda nusu tu. Nusu ilionekana kidogo sana kwenye kamba, nikamaliza yote.

Mwani umezoea maji ya chumvi. Nimemwaga kilo mbili za chumvi ya ng'ombe pale pale kwenye kamba. Akili hiyo!

Mwanzia alipita na mtumbwi akauliza ninaanika nini ndani ya maji. Nikamjibu ni utafiti. Alicheka mpaka mtumbwi ukayumba.

Ili gunia lisionekane tupu nimevuna magugu ya bwawa, nikayaanika juu ya mabati, nikayajaza. Nimenyunyiza chumvi ya ng'ombe iliyobaki. Kwa mbali huwezi kujua. Kabla ya Jumamosi nitavuna mwani kidogo nirudishe, nani atajua?

Jumatano, 11 Juni

Asubuhi mwani umevimba. Umekua! Niliruka ukingoni peke yangu. Nikachora kibao: SHAMBA LA MWANI LA BARTHOLOMEW.

Saa nane kamba imetoka tupu. Mwani wote umelainika, umeyeyuka, umekwenda. Mwanzia akanipigia kelele kutoka vizimbani kwamba samaki wake tangu asubuhi wanakula kitu kinachoelea na wamechangamka ajabu. Akanishukuru. Mwanzia! Kunishukuru mimi!

Alhamisi, 12 Juni

Sijala. Nimejiambia mboga ni mboga, za bwawa au za bahari. Kisha nimekwenda pale nilipovuna magugu. Vijana wawili walikuwa wanaosha pikipiki, mafuta yanaelea. Mama mmoja anafua nepi.

Nimerudi nikamkuta Mbula amefungua gunia. Akachukua jani, akalitafuna, akalitema. Akalifunga gunia, akaenda jikoni. Angenifokea ningepumua.

Lavender amepanda mapajani mwangu. Mkono wake ni mwembamba, vidole vyangu viwili vinauzunguka na nafasi inabaki. Anaomba ndizi. Nimempa yangu.

Ijumaa, 13 Juni

Leo nimejaribu kukiri mara tatu. Mara ya kwanza nikajikuta nauliza kuhusu mvua. Mara ya pili nikasifu muthokoi wa jana, jinsi mahindi yalivyoiva. Mara ya tatu Mbula akaniangalia moja kwa moja, akangoja, nami nikasema nimesahau nilichotaka kusema.

Njia nyingine basi: wezi. Gunia lingeibwa na wezi wasiojulikana. Saa sita mchana nikalibeba kuelekea chooni nilitumbukize. Aka! Kavutha ameketi uani kwangu anachambua ndengu. Akauliza, kwa upole kabisa, gunia linakwenda wapi. Nikasema juani. Akasema jua liko upande ule mwingine, mzee, lirudishe ulikolitoa.

Nimelirudisha. 

Jumamosi, 14 Juni

Akina mama ishirini na watoto wao uwanjani mwa kanisa. Sufuria mbili za uji, na ndani naona unga wa kijani. Lavender wa kwanza kwenye foleni, kikombe chake mkononi.

Kavutha akachota uji. Mtoto akafungua mdomo. Nikaruka! Nikapiga kikombe kikaanguka, nikapiga kelele kwamba msimpe, ni magugu, ni magugu ya bwawa, mwani niliupanda ukaliwa na samaki wa Mwanzia!

Lavender akaanza kulia, uji umemwagika miguuni.

Kavutha akaeleza mbele ya wote. Mbula alijua tangu Alhamisi, kwa ladha ya chumvi ya ng'ombe. Magugu waliwarushia mbuzi, mbuzi wakakataa. Kijani cha leo ni majani ya kunde waliyokausha na kutwanga wenyewe, pamoja na samaki Mwanzia aliowatoa bure baada ya kusikia. Walinyamaza siku mbili kuona kama nitasema mwenyewe.

Utepe kwenye mkono wa Lavender bado unasoma njano. Umesogea kidogo kuelekea kijani, mistari miwili, kwa mayai ambayo Mbula humpa na si kwa kazi yangu.

Mbula aliniambia jambo moja tu tukirudi. "Mwani ningekusamehe, Baba Ndinda. Lakini mtoto alikuwa kwa mapaja yako, na ulinyamaza." Nimeona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Jumapili, 15 Juni

Nimeomba msamaha kanisani, mbele ya watu wote. Nimeapa kutogusa tena chakula cha watoto. Mwanzia ameitwa na chifu, ataeleza jinsi samaki wake walivyolisha watoto. Nimempigia makofi. Nimebadilika kabisa.

Akina mama wa Kwale watatuma gunia lingine. Nimekatazwa kulipokea. Mimi nimepewa gunia la zamani nilifue.

Na ndani ya mshono wake nimekuta nini? Kipande cha mwani, saizi ya kidole gumba. Kikavu, ila nina hakika kiko hai. Kosa langu lilikuwa chumvi. Ya ng'ombe haifai, ilitakiwa ya kupikia.

Nimekitia kwenye kisufuria cha uji cha Lavender, maji na vijiko sita vya chumvi, nikakisukuma chini ya kitanda. Hatakihitaji mpaka kesho asubuhi.