Jinsi Numajiri Alivyoung'oa Ubao

Sogeeni, enyi mliozoea visa vya majemadari na farasi wao! Fungeni vinywa, mtege masikio, kwani leo natamka kisa kivizidicho vyote hivyo: kisa cha Numajiri Hirokazu, Simba wa Ndoo, Bwana wa Mabwawa, mkuu wa kituo cha kuzalishia samaki aina ya samoni huko Hokkaido.

Ilikuwa vuli, msimu ambao samoni, baada ya kuzurura baharini miaka minne, huurudia mto walimolelewa wakiifuata harufu ya maji yake. Hawa Numajiri aliwalisha kwa mkono wake tangu wakiwa wembamba kama sindano, na kwa kuwa angestaafu kabla ya theluji, ndio wangekuwa wa mwisho kurejea kwake. Aliwangoja kama mzazi angojavyo wana walio ughaibuni. Lakini meya naye alikuwa anakuja kuwapokea, na ugeni, ndugu zangu, huwapumbaza hata mashujaa. Kwa amri ya Numajiri ngazi ya zege wanayopandia samaki kutoka mtoni hadi mabwawani ikasuguliwa kwa brashi ikang'aa kama sahani. Maji ya kijito yaliyowalea samaki hao, yaliyozoea kushuka ngazini yakinuka matope, yakazibwa kwa ubao na kugeuziwa mtaro wa nyuma ya jiko ushukao mtoni, na ngazini yakafunguliwa maji ya bomba, yasiyonuka chochote.

Siku ikawadia. Meya akasimama na suti yake penye ngazi, bendera zikapepea, mto ukajaa mapezi. Jeshi lile likaikaribia ngazi, likainusa, likageuka, likaenda zake.

Mara akatokea Mitsue mpishi, mbio, upawa mkononi.

"Mkuu, wageni wako wako kwangu."

"Wageni gani?"

"Samaki! Wamejaa mtaroni nyuma ya jiko, wanapigana vikumbo. Mmoja nusura anirukie kwenye sufuria."

"Haiwezekani! Huku nimewasafishia!"

"Ndiyo hivyo, umewasafishia mpaka hawapajui. Hata mume wangu akirudi ananukia marashi, simfungulii mlango."

Moyo wa shujaa ukagawanyika. Kuung'oa ubao ni kumwogesha meya uvundo mbele ya wapiga picha. Kuuacha ni kuwaacha wanawe wafie mtaroni, mlangoni pa kwao. Akaona aibu, akaona uchungu, na uchungu ukashinda.

Basi akauendea ubao, akaukumbatia, akavuta. Ubao ukakaidi. Akaupiga teke, ukamrudishia maumivu. Ndipo akanena kwa sauti kuu:

"Ewe ubao! Ni mimi niliyekupigilia hapa, kwa ujinga wangu mwenyewe! Nimekiri mbele ya umma, toka!"

"Vuta, mkuu, hotuba baadaye!" akafoka Mitsue, akamkamata kiunoni.

Ubao ukang'oka. Wakaanguka chali wote wawili, na maji ya kijito yakateremka yakinguruma, yakamwosha meya kuanzia tai hadi soksi. Samaki wakainusa harufu ya kwao, wakatoka mtaroni; kisha samoni dume, taya limepinda kwa ukomavu, akaruka kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu, na jeshi zima nyuma yake.

"Karibuni nyumbani," akasema Numajiri, akilia waziwazi.

Meya akajipangusa uso. "Pananuka nini hapa?"

"Kwao, mheshimiwa."

Meya akainama kwa heshima, na mji mzima ukainama. Naam, kesho yake samaki wale wangepasuliwa matumbo kwa ajili ya mayai, maana hivyo ndivyo tuwapokeavyo mashujaa. Lakini na iandikwe katika tarehe za falme: siku ile ubao uling'oka, na watoto wakaingia kwao.