Magnum ya Tumbili wa Kedowa

Jumatatu, 4 Agosti

Baridi. Ukungu Kedowa yote. Nimesoma kwenye simu makala ndefu kuhusu risasi za bunduki za kuwindia: kwa nini nyingine hupendwa dunia nzima, na nyingine zilizo bora zaidi husahaulika. Sina bunduki. Kuwinda ni marufuku. Lakini mfanyabiashara hujifunza popote.

Mwandishi anasema risasi hupendwa kwa sababu ya jina lake, kwa sababu inapatikana hata duka la kijijini, na kwa sababu inaingia kwenye bunduki ambazo watu tayari wanazo. Nimezingatia hilo la jina. Yale mengine yalielezwa kwa urefu mno.

Biashara yangu ni gololi za udongo za manati, za kuwafukuza tumbili wanaotoka msituni kula mahindi. Kwa sasa Kedowa yote hununua za Calvince, fundi baiskeli, anayezifinyanga akingoja pancha. Hazilingani. Nyingine zina alama ya kidole gumba. Zinaisha kama maandazi! Sielewi.

Mke wangu Janefer amesema mahindi yakikomaa kabla gololi zangu hazijakubalika, nitaenda Mogogosiek kuchuma majani chai kwa kaka yake, Bosire. Bosire husimamia wachumaji kwa filimbi. Tulisoma darasa moja mpaka Form Four. Alikuwa akinakili jiografia yangu. Leo anipulizie filimbi? Haiwezekani.

Jumanne, 5 Agosti

Kazi imeanza. Gololi yangu ina umbo la yai ili ipasue upepo. Kushikanisha udongo nimetumia njia ya nyanya yangu, ambaye huko Kisii alikandika ghala likasimama mpaka akafa: uji mzito wa wimbi. Nimeongeza ndizi mbivu zilizopondwa, kwa uimara. Nimezikausha juu ya jiko, moto mdogo, uji usiungue. Ngumu kama saruji!

Jina: 7.5 Magnum, kama zile risasi kali za kwenye makala. Janefer aliuliza saba nukta tano ya nini. Nilimweleza kwamba si namba ya aina hiyo.

Tatizo dogo. Yai halikai kwenye ngozi ya manati ya kawaida. Nimebuni manati yangu, yenye ngozi ya kina na pembe tatu. Mteja atanunua vyote viwili. Hata sikupanga hivyo. Akili tu.

Jumatano, 6 Agosti

Nilikwenda kwa Mama Yunia, mwenye duka la dawa za mifugo. Mkebe wa gololi za Calvince uko kwenye kaunta, karibu na dawa ya kupe. Nilimfafanulia habari za upepo. Akauliza kama gololi yangu inaingia kwenye manati aliyo nayo. Nikamwambia manati aliyo nayo ni ya zamani, aitupe. Akasema ni ya marehemu mume wake.

Nikajifanya nasoma bei ya dawa ya kupe.

Baadaye akasema kaunta yake inatosha mkebe mmoja. Jumamosi tuje wote wawili kwenye mahindi yake nyuma ya duka. Atakayewaondoa tumbili ndiye atakayebaki kwenye kaunta. Haki kabisa.

Calvince alikuwa nje, mikono imejaa grisi, anasikiliza yasiyomhusu.

"Omera Sagini," akasema, akiniita ndugu kwa Kijaluo, "mimi gololi zikiniishia, naomba kwa jirani. Zako utaomba kwa nani?"

Swali lisilo na msingi.

Alhamisi, 7 Agosti

Naibu wa chifu, Mzee Johana, amefika nyumbani. Alikuwa ameambiwa kuna mtu Kedowa anatengeneza magnum. Mzee wa mtaa aliyekuja naye alibaki nyuma ya mti. Niliwaonyesha kila kitu. Johana akaishika gololi moja, akainusa, akanitazama kwa muda.

"Sagini," akasema kwa upole, "hii inanuka ndizi."

Nikamwambia ni mambo ya kiufundi. Akaondoka nayo kama ushahidi. Kabla hajafika barabarani mbuzi wa jirani alikuwa amempokonya na kuitafuna. Nimeandika pembeni: hata wanyama hutambua ubora.

Janefer amempigia Bosire simu aniwekee kikapu. Hana imani, mke wangu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nitaandika yote, hata kama inauma.

Watu walijaa. Calvince akaanza. Gololi zake zilikwenda kila upande. Moja iligonga mabati ya choo, kishindo! Kisha kila mtu akachota kwenye mkebe, akatoa manati yake mfukoni, akafyatua. Watoto, wazee, mpaka Yunia na ile ya marehemu. Tumbili wakatimka msituni. Huo haukuwa ustadi. Ulikuwa umati. Nilitaka kukata rufaa lakini hakuna aliyesikia.

Tukangoja warudi. Wakarudi. Zamu yangu.

Magnum ilikwenda moja kwa moja, kama nilivyochora. Ikatua mbele ya dume kubwa. Dume halikukimbia. Likaiokota. Likainusa. Likaila.

Kisha likakaa chini, likanitazama.

Nilifyatua nyingine. Likaidaka! Likatoa sauti, na ukoo mzima ukashuka kutoka mitini, ukajipanga kama wachumaji wanaongoja majani yapimwe. Jike mmoja alimsukuma mwanawe mbele ili nimwone. Niliendelea kufyatua kwa sababu sikujua la kufanya. Magnum zilipoisha walinipa muda, wakaona hakuna kitu, wakageukia mahindi.

Watu walikuwa wamelala chini kwa kicheko. Calvince alisema hajawahi kuona bidhaa inayopendwa namna hii. Yunia hakucheka, mahindi ni yake.

"Mwenzako anawafukuza," akaniambia. "Wewe umewafungulia hoteli."

Mkebe wa Calvince umebaki.

Jumapili, 10 Agosti

Wako juu ya paa letu. Wamekuwepo tangu alfajiri. Hatukwenda kanisani.

Nilimkumbusha Janefer kwamba nilitaka gololi zangu zikubalike, na ni wazi zimekubalika. Alikuwa akikunja shati langu la kazi. "Baba Esnah," akasema, "wao wamekubali. Sisi je?"

Begi liko mlangoni.

Jumatatu, 11 Agosti

Mogogosiek. Bosire alipuliza filimbi kabla jua halijatoka. Aliipuliza tena nilipoinama kufunga kamba ya kiatu. Nadhani anafurahia.

Lakini kuna jambo hapa ambalo hakuna aliyeliona. Kila mchumaji amebeba kikapu mgongoni, anarusha majani nyuma bila kuyatazama. Watu wazima! Wakati wa chai nimebuni kikapu cha kifuani chenye mlango chini. Unafungua mlango, majani yanateremka yenyewe mpaka kituo cha kupimia. Hakuna kubeba. Nimekijaribu. Kinafanya kazi vizuri sana, isipokuwa majani yanateremkia mtoni, kwa kuwa kituo kiko juu ya kilima.

Nimemweleza Bosire marekebisho yanayohitajika. Akaitoa filimbi mdomoni.

"Shemeji, huo mlima umeinama hivyo tangu tuzaliwe."

Nikamuuliza ofisi inayohusika na milima ni ipi.