Mashine Isiyotua Mzigo

Inatangazwa kwa wananchi wote: kuanzia msimu wa kilimo wa mwaka 1973, hakuna mtu wa mkoa huu atakayesahauliwa.

Ndivyo lilivyosema bango la Idara ya Kumbukumbu za Nguvukazi mjini Tabora, na kwa Masele wa Puge lilisema kweli tupu. Mkewe Mwanne alizikwa misimu miwili iliyopita, na Idara haikumsahau hata siku moja. Kila orodha ya shamba la kijiji iliyochapwa na kompyuta, mashine ya Idara, ilimtaka alime robo ekari. Kwa kuwa alikuwa na udhuru wa kaburi, robo hiyo aliilima Masele, juu ya ile yake. Msimu wa tatu ulipokaribia, mgongo ukamwambia kwamba safari hii watalimia kaburini wote wawili. Akadandia lori la mpunga lililotoka Igunga, akaenda mjini.

Mkurugenzi, Ndugu Dionis, alimpokea kwa heshima zote za mlangoni. Akamsomea waraka wake mwenyewe: orodha ya mashine haipingwi kwa mdomo. Fomu ya Kufariki ipo, moja tu kwa mambo yote ya vifo, ila sharti itiwe sahihi na mhusika.

"Mhusika ndiye marehemu, Ndugu Mkurugenzi."

"Ndiyo maana tunataka sahihi yake. Watu waongo sana."

Masele hakubisha. Darasa la pili alipoishia hawakuwa wamefika kwenye somo la kubishana na kiti chenye mto. Akazunguka nyuma, kwenye chumba cha mashine, akamkuta fundi, binti aitwaye Bertila, akiipepea mashine kwa faili. Binti akamwamkia shikamoo, akampa kigoda, akamweleza bila mizunguko. Programu ilitungwa Dar es Salaam kwa mashine mpya, kubwa. Ya Tabora ni kuukuu. Kila neno linaloingia hupewa kishubaka chake humo ndani, na programu haikufundishwa kurudisha kishubaka hata kimoja. Ile ya Dar inavyo vya kumwaga. Hii imejaa tangu juzi, na ikijaa huanza tena mwanzo, ikibandika jipya juu ya la zamani.

"Babu yangu alikuwa mpagazi, kutoka hapa mpaka Bagamoyo," Masele akasema. "Mpagazi akifika kambini hutua mzigo. Asiyetua hafiki, na mzigo haufiki."

"Dawa ni hiyo hiyo, baba. Nivimwage vyote, nijaze upya walio hai. Nusu siku tu. Lakini Mkurugenzi hatii sahihi. Anasema programu iliyopokelewa kwa ngoma haiwezi kuwa na kasoro."

Badala yake Mkurugenzi aliunda Kamati ya Kubana Nafasi. Kamati ilikaa siku tisa, ikala mbuzi wawili, ikaazimia: majina yafupishwe, wajawazito waombwe kustahimili kidogo, na viongozi, kwa hadhi yao, wahamishiwe vishubaka vya mbele kabisa.

Masele alizingoja siku hizo kwa shemeji yake, mtaa wa Gongoni. Aliporudi, Bertila alimwonea huruma, akatoboa kadi ya Mwanne, amefariki, akailisha mashine. Mashine ikanguruma, ikatafuta nafasi, ikakosa, ikarudi mwanzo. Neno likatua kishubaka cha kwanza, kwa Ndugu Dionis.

Orodha ikasambazwa. Kufikia Jumatano dereva wake alikuwa amepangiwa kazi nyingine na kile kiti kimeingizwa stoo. Barua ya rambirambi kwa familia yake ilipitia kwa Mkurugenzi mwenyewe, kama barua zote. Akaja mbio chumba cha mashine.

"Mimi mzima."

"Orodha haipingwi kwa mdomo, Ndugu," Bertila akasema kwa unyenyekevu, akampa Fomu ya Kufariki.

Akaijaza kwa hasira, akatia sahihi nene. Bertila akaigonga mhuri. "Imekamilika. Wewe ndiye marehemu wa kwanza kufuata utaratibu."

Hapo ndipo Mkurugenzi alipotia sahihi ya pili, ya kuimwaga mashine.

Jioni Masele alipitisha kidole kwenye orodha mpya ya Puge mara mbili. Mwanne hayupo. Akacheka, akajifuta macho kwa kofia.

Ndugu Dionis, kwa kuwa alithibitisha kifo chake mwenyewe, alilazimika kuandikishwa kama mtu mpya. Mkoa mzima nafasi ilikuwa moja tu: Puge, robo ekari.

Masele alimpokea shambani kwa jembe la marehemu. "Karibu, Ndugu," akamwambia. "Anza hapo alipoishia mke wangu. Na usijali, hapa hatutakusahau."