Mbao Mpya za Chumba cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Nimeamua! Mama mkwe anahamia kwetu Jumamosi, na chumba chake nitakitengeneza mwenyewe. Mbao zinazozunguka kuta kwa chini zimeoza, zile za kuzunguka mlango zimeliwa na mchwa. Nyumba ya zamani, bwana! Mke wangu kasema nimwite kaka yake, seremala, tunayemwita Randa. Seremala wa nini? Kupigilia mbao ni kupigilia mbao. Basi kaniomba nisiharibu: mama yake akikuta vurugu ataenda kukaa kwa Randa, na mke wangu anatamani kuishi na mama yake tangu baba yao afariki. Karibu alie. Nimeapa. Randa hampati mama mkwe wangu!

Jumanne, 4 Juni
Nimeng'oa mbao ya kwanza. Ikaja na plasta. Ya pili ikaja na plasta zaidi. Mke kauliza kishindo gani hicho. Nimejibu: maandalizi.

Alhamisi, 6 Juni
Plasta nimeziba. Si mbaya, ukisimama mbali. Ila mbao mpya zimekataa kukutana kwenye kona. Kosa si langu, kuta zimepinda. Nimeziba mapengo kwa puti. Puti nyingi. Randa kapita "kusalimia", kasalimia kuta kuliko watu. Kauliza kwa upole kama nimepima kila kona, maana nyumba za zamani hazina kona mbili zinazofanana. Nimemwambia fundi hafundishwi kazini. Kaondoka anatabasamu. Shida ya mtu huyu ni mwema, hata kumchukia nashindwa.

Jumamosi, 8 Juni
Naandika nikiwa chumbani. Si kwa hiari yangu.

Asubuhi zilibaki mbao za mlango tu. Nikaufunga ili mke asichungulie, nikapigilia kuzunguka fremu. Imara ajabu! Kumbe mlango unafungukia ndani, na mbao zimeukalia pande tatu. Nimevuta mpaka mkono wa kitasa umeng'oka. Mtaimbo uko sebuleni. Dirisha lina nondo.

Mama mkwe kafika. Nimemsikia mke akimweleza kuwa nimejifungia. Nikasema leo nimekwisha. Mara kiti kikaburutwa hadi mlangoni, mama mkwe akaniita kupitia tundu la ufunguo. Nikamwamkia nimepiga magoti, maana tundu liko chini.

Miaka yote hii tumeulizana hali tu, heshima imetubana. Leo, bila kuonana, tumeongea mpaka nikasahau nimefungiwa. Kaniambia marehemu mumewe aliwahi kupaka sakafu rangi akaanzia mlangoni, akashinda kwenye kona kutwa nzima akidai anapumzika. Akacheka. Akacheka mpaka akapaliwa! Mke wangu akainama kwenye tundu, akaninong'oneza kwamba hajamsikia mama yake akicheka tangu msiba. Alikuwa analia. Mimi nami macho yakalowa. Vumbi la mbao, bila shaka.

Baadaye Randa kaja na mtaimbo wake, kausukuma mlango toka nje hadi mbao zote tatu zikang'oka, kisha kazipanga vizuri kando ya ukuta. Afadhali angenicheka.

Mama mkwe kakitazama chumba. Puti. Mapengo. Ukuta. Nikashika kichwa. Kisha kamwambia Randa amwingizie mizigo. Kwako, Randa mwanangu, kila kitu kimenyooka, kasema, nikikaa huko nitamcheka nani? Mke wangu kamkumbatia, hamwachii. Nikawatazama, moyo ukanijaa.

Jumapili, 9 Juni
Mama mkwe kabaki! Nilijua tu. Kaona kazi ya mikono hii, kashindwa kuondoka. Randa kaomba azirudie mbao za chumbani. Nimemruhusu, naye apate kujifunza. Mke kaficha nyundo, lakini jirani anayo. Leo naanza jikoni. Nilipomwambia mama mkwe, alikatiza chai, akabeba kiti chake, akakaa mlangoni kabla sijapiga hata msumari mmoja. Raha iliyoje kuishi na mtu anayejua kuthamini ufundi!