Kaye Safi Kuliko Zote Nyabiondo

Jumatatu, 2 Julai 2012
Muganga Nestor ametuita watu wa ugonjwa wa sukari kwenye kituo cha afya. Tuko kumi na mmoja. Ameanzisha chama. Kila mgonjwa kapewa kaye, daftari la kuandika anachokula, anavyotembea, vidonge anavyomeza. Ijumaa atatoboa vidole apime sukari, kisha asome kaye. Mwenye kaye bora njo atakuwa prezida wa chama! Mimi Léopold, mfanyabiashara kutoka Butembo, miaka tisa hapa Nyabiondo, sijawahi kuwa prezida wa kitu chochote. Mpinzani ni mmoja tu: Mama Godelieve, muuza mboga ya sombe. Nimejaza wiki nzima leo leo, kwa kalamu za bic tatu tofauti. Mboga ya lenga-lenga, tena lenga-lenga, maharagi kidogo. Nimekula mandazi sita nikiandika. Kazi ya kichwa inachosha.

Jumatano, 4 Julai
Risasi mlimani tangu asubuhi. Kijiji kizima kimekimbilia mashambani kwa miguu. Mimi kwa pikipiki ya jirani yangu Trésor, katoni ya biskwi magotini. Kaye ilikuwa imeshasema leo nimetembea saa moja. Nimeongeza: saa mbili, mlima mtupu. Mama Godelieve kafika na mzigo kichwani, jasho tele, kakaa kwenye migomba, kafungua kaye yake! Nikachungulia. Kaandika: kiazi kitamu kimoja, kikubwa. Masikini, anajishtaki mwenyewe.

Ijumaa, 6 Julai
Risasi zimekwisha, tumerudi kijijini. Nestor anataka sukari isipite 130. Godelieve 128. Mimi 340! Nikangoja kufokewa. Wapi! Kasoma kaye yangu, kanionea huruma. Kasema mtu anayekula majani na kupanda milima, na sukari bado iko juu, basi vidonge vyake ni dhaifu. Kaviongeza mara mbili. Na prezida ni mimi! Wamepiga makofi. Godelieve alitazama kaye yangu, kisha tumbo langu. Wivu huo.

Nyumbani mke wangu Euphrasie hakunipongeza. "Papa Léopold, umwambie ukweli. Miye sitaki kuwa mujane juu ya kaye." Nikamjibu kwamba uongozi una siri zake.

Alhamisi, 12 Julai
Kesho tunapimwa tena, mbele ya chama chote. Prezida mwenye 340 ni aibu. Mpango: sili kitu leo wala kesho, na vidonge vya siku mbili nameza kwa pamoja. Akili kama hii Butembo nzima haipo.

Jumamosi, 14 Julai
Mungu wangu! Jana nilisimama kuhutubia. Mikono ikatetemeka, jasho la baridi, maneno yakachanganyika. Nikaanguka miguuni pa wanachama wangu. Kipimo: 38, sukari karibu imeisha mwilini! Godelieve akafungua fundo la kitenge chake, akatoa sukari, akanitia mdomoni. Kumbe muganga alituagiza sote tutembee nayo. Sikusikia, siku hiyo nilikuwa natunga hotuba.

Nilipozinduka, Euphrasie alikuwa ameshasema yote: mandazi, pikipiki, bic tatu. Nestor akaifunga kaye yangu. "Nilikuongezea vidonge sababu nilikuwa nakuamini, Papa. Kidogo tu ningekuua."

Nililia. Kweli nililia, mbele ya watu, mpaka Euphrasie akanifuta makamasi. Nikaapa. Vidonge vimerudi vya zamani, prezida sasa ni Godelieve, na mimi nimepewa kaye mpya.

Jumapili, 15 Julai
Nimetoka misa na moyo mweupe. Nimeliona kosa langu. Kaye ile ilikuwa safi mno! Nani ataamini mtu asiye na dhambi hata moja? Hii mpya nimeijaza hadi mwisho wa Agosti, na safari hii nimeweka makosa ya kibinadamu. Tarehe tisa Agosti: andazi moja, nimejuta sana.