Shingo, Kabla na Baada

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu aliguna. Hakusema neno, aliguna tu, mguno mfupi wa puani, kama mtu aliyefunua sufuria akakuta kiporo. Nimerudi nyumbani nao. Nimefua, nimekunywa chai, nimejaribu kusoma. Bado nausikia.

Kisa ni hiki. Sisi wa usanifu wa michoro tumepewa kazi: kila mmoja achague kibao cha duka mtaani kwake, afanye utafiti, kisha akichore upya. Nani anakisoma? Anasimama wapi? Anasema nini? Msukumo utoke mtaani, si kwenye simu. Ijumaa tulete picha mbili, kabla na baada. Kazi bora itatundikwa kwenye mlango wa chuo, ambapo hata mfagizi hawezi kuikwepa. Mara mbili zilizopita nafasi hiyo ilichukuliwa na Mistari, mwanafunzi mwenzangu, anayeitwa hivyo kwa sababu hupiga rula hata akiandika orodha ya sokoni.

Mimi nikanyoosha mkono nikasema yangu iko tayari. Mwalimu akauliza nimejuaje watu wanataka nini kabla ya kuwauliza. Nikasema inaonekana tu. Hapo ndipo alipoguna.

Lakini kweli inaonekana! Kibao chenyewe ni cha Mama mdogo, ninayeishi naye, fundi cherehani. Alikichora marehemu mumewe, Baba mdogo, dereva wa lori ambaye hakusomea kuchora na hakuficha. Bati lililopakwa buluu iliyobaki kwenye milango. Maneno NGUO ZA HESHIMA yanaanza makubwa, yanaishia yamebanana ukingoni kama watu waliokimbilia mvua kibarazani. Chini yake, mwanamke mwenye gauni jekundu. Baba mdogo alianza na kichwa juu kabisa, kisha akachora gauni kutoka chini kwenda juu. Vilipokaribia kukutana akaona pengo. Akalijaza kwa shingo. Shingo ndefu kuliko mkono! Mtaa mzima unapaita dukani kwetu "kwa Shingo". Nimepita chini yake miaka yote nimeinamisha uso. Sasa itanilipa.

Kesho Mama mdogo anakwenda kumtazama Bibi, atarudi Jumamosi. Mimi nitabaki dukani kukabidhi nguo zilizokwisha. Ameniambia nisiguse kitu kingine chochote, msomi mimi.

Jumanne, 5 Machi

Utafiti umeanza. Nimeona nisiwe na kiburi, niwaulize watu, mradi wanijibu ninachokijua.

Muuguzi alikuja kuchukua sare yake. Nikamwuliza kama kibao kinamchanganya. Akacheka hadi akakaa. Akasema siku ya kwanza kuja huku alielekezwa aende mpaka amwone mama anayechungulia juu ya ukuta, akafika bila kuuliza tena. Nimeandika: "Mteja alihitaji kuelekezwa."

Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alisema kazi ikiwa mbaya humtazama Shingo, akajipa moyo kwamba kuna mwenzake anayejinyoosha kutafuta wateja kuliko yeye. Nimeandika: "Jirani anahusisha kibao na hali mbaya ya biashara."

Mzee mmoja alikiri kwamba hajui maandishi yanasemaje. Nikamkalisha kwenye kiti cha wageni. Huyu ndiye niliyekuwa nikimtafuta! Kumbe hajayasoma kwa sababu hana haja, Shingo anamjua. Nimeandika nusu ya kwanza.

Pigo: Mistari yuko mtaani kwetu! Amechagua kibao cha fundi viatu, ubao usio na lolote la kujivunia, na ameketi kwenye benchi la wateja tangu asubuhi akipiga picha na kuuliza maswali. Anasikiliza na majibu. Alinipungia mkono. Nikajifanya nahesabu vifungo.

Jumatano, 6 Machi

Naandika mikono ikinuka. Nitajaribu kueleza kwa utulivu.

Asubuhi nilipiga picha ya "kabla". Ikatoka nzuri. Jua lilikuwa limelala upande, buluu ikawa buluu hasa, gauni likawaka, na yule mwanamke akaonekana kama mtu anayemsubiri mtu. Nikaiweka kando ya "baada" yangu: weupe mtupu, herufi ndogo za kijivu pembeni, uzi mmoja mwembamba. Weupe ule ni wa makusudi, ni nafasi ya kupumua. Lakini pale kando ya Shingo ulifanana na ukuta ambao bado haujatundikwa picha.

Mwenye busara angejiuliza swali hapo. Mimi nilitafuta msasa.

Hoja yangu ilikuwa hivi. Jua na mvua vingekichakaza kibao hata nisipotaka. Mimi ningevisaidia tu. Kuharakisha si kudanganya. Nikaazima ngazi kwa fundi viatu, na Mistari akaja kunishikia bila kuombwa. Akaniuliza kama naenda kukisafisha. Nikasema ndiyo. Akasema vizuri, kinastahili.

Nikakishusha, nikakiingiza ndani, nikaanza na kona. Msasa haukufanya kitu, rangi ilikuwa ngumu kama deni la ndugu. Nikachukua kitambaa nikakichovya kwenye tina, ile ya kuyeyushia rangi, nikapitisha usoni, kidogo tu, ili ufifie.

Jicho likatoka lote.

Basi ningeachia hapo. Lakini jicho moja lilimfanya aonekane anakonyeza, nikaona nisawazishe na upande wa pili. Kisha mdomo ukawa umebaki peke yake. Kisha shingo ikawa imechafuka, nikaifuta uchafu, na shingo ikaondoka na uchafu wake. Sasa kuna gauni jekundu, na juu yake ukungu wa kahawia.

Nimepiga picha. Ni "kabla" mbaya kuliko zote nilizowahi kuona. Nilifurahi. Furaha yenyewe ilikaa kwa muda wa chai kupoa, kisha nikakikunja kitambaa, na ndani yake kulikuwa na rangi yote ya uso wa yule mama. Nimeshindwa kukitupa. Nimekiweka chini ya godoro. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 7 Machi

Nimetundika "baada" mahali pa Shingo. Mpaka saa sita hakuna aliyeingia. Nikajiambia watu wanakitafakari.

Kisha akaja bwana mmoja mwenye mkoba akauliza pango ni kiasi gani. Nikamwambia hapapangishwi, hili ni duka la ushonaji. Akatoka nje, akatazama juu, akarudi, akasema kwa upole:

"Basi dada, andikeni kwamba mmefungua."

Muuguzi alirudi kuchukua sare ya pili. Nilimwona akipita kwenda, nikamwona akipita kurudi. Nilimkimbilia barabarani na sare mkononi kama mwizi anayerudisha. Mama mwenye harusi ya binti yake, aliyeahidi magauni ya ukoo mzima, alimfuata fundi viatu akamwuliza kwa sauti ya chini kama Mama mdogo amefariki. Fundi viatu akamwambia hajambo, yuko safarini. Yule mama akasema kibao kimekaa kimsiba, na mambo ya harusi hayataki mashaka. Akaenda kwa fundi wa kona ya pili.

Magauni ya ukoo mzima. Mama mdogo alikuwa ameshamaliza kuwaza mishono yake.

Nimeandika kwenye utafiti: "Kibao kipya kimezua mjadala mtaani." Nikaifuta. Nikaiandika tena.

Ijumaa, 8 Machi

Nilitangulia. Nilionyesha kabla, nikaonyesha baada, nikasoma utafiti. Mwalimu alisikiliza, hakuguna. Nikauhisi mlango wa chuo ukinifungukia.

Akafuata Mistari. Kibao chake kipya cha fundi viatu kilikuwa cha kawaida, nilishaanza kupumua. Lakini alileta picha za utafiti, bandika bandua, barabara nzima alivyoiona kutoka kwenye benchi. Katika ya nne, nyuma ya kichwa cha fundi viatu, alikuwapo yeye. Buluu, nyekundu, shingo yote. Amepigwa Jumanne.

Mwalimu akasogea hadi pua ikakaribia kugusa ukuta. Akauliza ni nani aliyechora. Mistari akasema marehemu mume wa fundi cherehani, ndivyo alivyoambiwa. Akaongeza kwamba mtaani pale hakuna anayeelekezwa njia bila yule mama kutajwa. Mwalimu akasema huo ndio msukumo aliotutuma tukautafute. Akasema Jumatatu darasa zima litakwenda kukiona.

Kisha akarudi nyuma. Akaitazama picha ya Mistari, akaitazama "kabla" yangu ambayo bado ilikuwa kando yake. Gauni ni lilelile. Darasa nalo likatazama.

"Kiliharibika lini?" akaniuliza.

"Mvua," nikasema.

Mvua haijanyesha tangu mwaka uanze. Dirisha lilikuwa wazi, vumbi lilikuwa linaingia.

Mistari alinifuata nje na picha ile ameichapisha kubwa, akaninyooshea. Akasema ikinisaidia kukirudisha nichukue. Anataka nini? Nimewaza njia nzima anachokitaka, sijakipata. Alipokuwa ananishikia ngazi hakuwa anataka kitu pia.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mdogo alipita duka lake mwenyewe. Nilimwona kwa macho yangu, mkoba begani, akapita hatua kadhaa, akasimama, akageuka kama mtu aliyesikia anaitwa.

Akauliza kibao kiko wapi. Nilikuwa nimejiandalia maelezo marefu kuhusu nafasi ya kupumua. Nikasema kiko ndani.

Akaingia. Akaweka kiganja pale kwenye ukungu, palipokuwa na uso, akakiacha hapo. Nikangoja. Hakufoka. Hata hakuguna, na ningetoa chochote anigunie mguno mmoja tu, wa kiporo, wa namna yoyote.

"Ile shingo alikosea, unajua?" akasema baadaye.

Nikasema najua.

"Alitaka kuifuta siku ileile. Nikamwambia mwache, ananisaidia kukuangalia njiani."

Akaenda kubadilisha nguo. Nikamsikia anakaa kwenye cherehani, lakini cherehani yenyewe sikuisikia.

Miaka yote nimeinamisha uso nikipita, kumbe ndani ya nyumba, ile shingo ilikuwa neno la watu wawili. Baba mdogo akiwa na lori lake huko, mkewe akishona hapa, na wa bati amejinyoosha kwa niaba yake. Nilikuwa na wiki nzima ya kuuliza. Niliwauliza wapita njia. Mama mdogo tu ndiye sikumwuliza.

Nilimwomba radhi nikiwa nimesimama mlangoni. Nikamwambia nitakirudisha, kila kitu, kama alivyokiacha Baba mdogo. Akasema, bila kugeuka: "Kama alivyokiacha, mwanangu." Nikaapa.

Jumapili, 10 Machi

Nimechora kutwa, picha ya Mistari nimeiegemeza mbele yangu. Sijawahi kufanya kazi ya unyenyekevu namna hii. Herufi zinazobanana nimeziacha zibanane. Jicho la kushoto liko juu kidogo ya la kulia. Nimeliweka juu kidogo ya la kulia. Rangi ya uso niliipata kwa kulinganisha na kitambaa cha chini ya godoro. Nililia kidogo, nikajizuia, machozi na rangi ya mafuta havielewani.

Nimejifunza mengi wiki hii. Utafiti ni kusikiliza. Kazi ya mtu ina sababu usizoziona kwa macho. Usimguse mtu kitu chake ukidhani unamsaidia. Nimeyaandika haya kwa herufi kubwa nikayabandika juu ya meza yangu. Fonti niliyoichagua inapendeza.

Imebaki shingo.

Jumatatu, 11 Machi

Darasa linakuja saa nne. Mama mdogo bado hajashuka dukani.

Nimelifikiria jambo hili kwa makini sana, si kama lile la msasa. Shingo ilikuwa ndefu ili imwangalie Baba mdogo njiani. Baba mdogo hayuko njiani tena, Mungu amrehemu. Sasa Mama mdogo ainue uso kila asubuhi akute mtu anayemsubiri asiyerudi? Huo ni ukatili, na mimi ukatili nimeshaufanya wa kutosha. Tena kuna suala la uwiano. Yeye mwenyewe marehemu alitaka kuifuta, na Mama mdogo amesema mwenyewe kwamba ilikosewa. Nikitimiza nia ya marehemu, nani atanilaumu?

Sikumwuliza. Angejisikia vibaya kunijibu.

Nimeifupisha. Vidole viwili tu, hata vitatu havifiki. Nimeyashusha maneno kidogo kuziba pengo. Rangi imekauka, nimeshakitundika, na Mistari ndiye aliyenishikia ngazi. Alitazama juu kwa muda mrefu, akafungua mdomo, akaufunga.

Wivu.