Boti Mbili za Bluu na Shemeji Mmoja

Jumamosi, 22 Juni
Zimebaki mbili tu dukani! Boti za pantoni, zile bapa zinazoelea juu ya mapipa mawili marefu, zote za bluu, urefu mmoja, injini moja, viti vya kutosha ukoo mzima. Tofauti: moja ina mteremko wa kutelezea majini, nyingine ina kijichumba cha choo. Choo! Nani anaenda ziwani kukaa chooni? Nimechukua ya mteremko. Mke wangu, LaRae, akauliza kama nimemfikiria mama yake, mwenye miaka themanini na moja. Nikamwambia akitaka ateleze.

Kikwazo ni shemeji Gaylen, kaka yake LaRae. Naye anatafuta boti. Na mama mkwe ameshatamka: atakayembeba kwenye gwaride la boti la sikukuu ya uhuru, tarehe nne Julai, ndiye atakayeibeba familia kila Jumapili. Huyo lazima niwe mimi.

Jumatatu, 24 Juni
Nimempigia Gaylen. Nimeisifia boti ya choo mpaka koo limekauka. Akanishukuru kwa moyo wote, maskini. Jioni kainunua! Kaingia mtegoni kwa miguu yake.

Jumapili, 30 Juni
Baada ya ibada, kwenye kahawa, nimemwomba mama mkwe apande kwangu. Akakataa, hapendi kunisumbua. Nikaomba tena. Akakataa. Mara ya tatu akasema haya, maadamu nang'ang'ania. Ndivyo tulivyo hapa Minnesota: hapana mbili za mwanzo ni adabu, jibu lenyewe ni la tatu. Gaylen aliomba mara mbili, akakimbilia keki. Imekula kwake!

Alhamisi, 4 Julai
Siku yangu! Bendera kila upande, bata mkubwa wa mbao juu ya mteremko. Mama mkwe kiti cha mbele, wajukuu wanne, LaRae. Shida moja: mama alikunywa vikombe vinne vya kahawa kabla ya safari.

Katikati ya ziwa nikamwona anabana magoti. Nikamuuliza kama turudi ufukweni. Hapana, yuko sawa. Nikauliza tena. Hapana, tusihangaike. Mara ya tatu? Thubutu! Angekubali, na meza ya waamuzi wa shindano la mapambo ilikuwa pale mbele gatini. Nikaongeza sauti ya muziki.

Gaylen akasogeza boti yake ubavuni kwetu.

"Mama, choo kipo huku. Kweli hutaki?"

"Haya mwanangu, kama si usumbufu," alisema mama, na mguu mmoja ulishavuka.

Wajukuu wakamfuata. LaRae akawa wa mwisho.

"Verlyn, ulijua kabisa ilibaki mara moja," aliniambia, akavuka.

Iliniuma, nakiri. Kama dakika mbili hivi. Kisha nikapita mbele ya waamuzi, mimi na bata wangu, na kombe la mapambo nimelinyakua!

Jumapili, 7 Julai
Mama mkwe ameamua: Jumapili zote ni za Gaylen. Basi na iwe! Boti yangu bila abiria inapaa. Nimewapita mara mbili wakila viazi na nyama, nikawapungia kombe. Mama alinipungia kijiko. Nani aliyechagua vizuri sasa?

Dukani wameleta pikipiki mbili za theluji, sawa kwa kila kitu. Moja ina honi ya milio mitatu. Nyingine, sijui ya nini, ina kiti kinachopasha joto. Kesho asubuhi nampigia Gaylen nimsifie hicho kiti.